Biashara ya programu za kompyuta jijini Arusha

Biashara ya programu za kompyuta jijini Arusha ni kazi ya kubuni, kuunda na kutunza programu kwa ajili ya wateja wa jiji hilo na maeneo yanayozunguka Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania. Kama ilivyo kwingineko duniani, mradi wa programu unaweza kushindwa hata kama msimbo wake ni mzuri, endapo mteja na mtengenezaji hawakuelewana. Kwa hiyo stadi za kijamii, yaani kusikiliza, kueleza, kujadiliana na kukataa kwa heshima, ni njia mojawapo ya kupunguza hatari za kibiashara.

Mazingira

Arusha ni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kituo cha watalii wanaokwenda Serengeti na Ngorongoro. Wanaohitaji programu ni pamoja na kampuni za utalii, hoteli, shule, mashirika yasiyo ya kiserikali na vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa. Wataalamu hufundishwa katika vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978, Chuo cha Uhasibu Arusha, na Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, chini ya Mlima Meru.

Hatari za kibiashara

* Mahitaji: mteja huongeza mambo mapya kazi ikiendelea, bila kuongeza muda wala fedha.
* Msimu: watalii ni wengi kuanzia Juni hadi Oktoba na hupungua wakati wa masika. Mfumo wa kuhifadhi nafasi za safari ukichelewa hadi Julai, mteja amekwisha kupoteza sehemu ya msimu. Mwaka 2020 ugonjwa wa COVID-19 ulipunguza watalii, na pamoja nao mapato ya wanaowahudumia.
* Malipo: mteja huweza kuchelewesha fedha baada ya kukabidhiwa kazi. Malipo kwa awamu hupunguza hasara.
* Mtu mmoja: mwenye kuujua mfumo peke yake akiondoka, kazi husimama.
* Sheria: taarifa za pasipoti za wageni zinahusika na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Nafasi ya stadi za kijamii

Mwaka 1975 Mmarekani Fred Brooks alieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wapya hufundishwa na mawasiliano huongezeka. Watu 5 wana jozi 10 za kuwasiliana. Watu 10 wana jozi 45.

Katika mazungumzo ya Kiswahili, neno "ndiyo" linaweza kuwa la heshima tu, si la kukubali. Kijana huona vigumu kumpinga mkubwa wake, na mfanyakazi huweza kunyamaza mbele ya mwajiri. Badala ya kuuliza "Umeelewa?", mtengenezaji humwomba mtumiaji aonyeshe anavyofanya kazi yake, kisha humpa sehemu ya programu aijaribu mapema. Wanaojaribu wawe pia wahudumu wa mapokezi na makarani, si mwenye kampuni peke yake.

Stadi hizi hazichukui nafasi ya mkataba. Makubaliano ya mdomo huandikwa na kuthibitishwa na pande zote mbili, pamoja na nani atamiliki msimbo na nani atautunza baada ya makabidhiano.