Mwangwi wa Memphis

Alama iutambulishayo muziki wa rokabili, tangu ulipozaliwa kusini mwa Marekani katika miaka ya 1950, si gita wala koo la mwimbaji pekee, bali ni ule mwangwi mfupi unaoiandama kila kauli, kama kivuli kimwandamavyo mtu ukutani. Basi mwenye kuurekodi muziki huo nyumbani kwake leo kwa kinanda cha umeme, kabla hajaanza kuchanganya sauti, yampasa aijue asili ya mwangwi huo.

Mnamo Januari 1950 Sam Phillips alifungua studio ndogo katika Union Avenue nambari 706, mjini Memphis, na humo ndimo, tarehe 5 Julai 1954, Elvis Presley alimorekodi "That's All Right", Scotty Moore akipiga gita na Bill Black besi. Mpiga ngoma hakuwapo. Kwa hiyo Black aliuvuta uzi wa besi yake na kuuachia ugonge ubao, ta!, mlio huo ukashika zamu ya ngoma. Mwimbaji Johnny Cash naye, aliyerekodi humo humo, kwa uhaba uo huo, alipenyeza karatasi baina ya nyuzi za gita lake, ikakwaruza mithili ya ngoma.

Wanamuziki walirekodiwa wote kwa pamoja, na sauti zikishaingia katika ukanda hazikuweza kutenganishwa tena. Aliyetakiwa asikike zaidi aliisogelea maikrofoni, na mwenziwe akarudi nyuma. Kuchanganya sauti, basi, kulikuwa ni kuwapanga watu chumbani. Ama mwangwi, Phillips aliupata kwa mashine mbili za ukanda za Ampex: sauti ilipelekwa katika mashine ya pili, na kwa kuwa kichwa cha kusomea kiko mbele kidogo ya kile cha kunasia, ukanda ulitumia takriban sehemu moja ya nane ya sekunde kuuvuka mwanya huo, ndipo sauti ikarejea kuungana na ya asili. Novemba 1955 kampuni ya RCA iliununua mkataba wa Presley kwa dola 35,000. Mkataba iliupata, lakini mwangwi haukuwamo, na mafundi wake walipoutafuta katika ujia wa jengo huko Nashville, waliambulia mwangwi mwingine, mpana na wa mbali.

Kinanda cha leo kina udhia wa kinyume: kina ngoma, besi na piano tele, zote safi, kana kwamba kila moja imepigwa katika nyumba yake. Kazi ya mchanganyaji ni kuzirudisha chumba kimoja: azilete katikati, apunguze ukali wake, atie mwangwi mmoja tu wa milisekunde 100 hadi 140. Na kabla ya hayo yote aizime ngoma, asikilize. Ikiwa besi peke yake haimtikisi mtu mguu, hapana mwangwi utakaounusuru wimbo huo.