Bakshishi Mjini Juba

Bakshishi ni neno la asili ya Kiajemi, nalo lina heshima kuliko "chai", ambalo rushwa imekwisha kulichafua. Mjini Juba historia yake ya karibuni ina uchungu. Baada ya mkataba wa amani wa tarehe 9 Januari 2005, hoteli na mikahawa ilichipuka huko upesi, na wahudumu wengi walitoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Eritrea. Kiswahili kikasikika mezani kando ya Kiarabu cha Juba. Mhudumu mgeni aliyetaka kuwapelekea wazazi wake fedha ilimbidi kwanza azibadili ziwe dola.

Tarehe 15 Desemba 2015 Benki Kuu iliacha kuifunga pauni kwa bei ya 2.96 kwa dola moja. Ikashuka hadi 18.5 hivi. Kwa kweli wabadilishaji fedha wa mitaani walikwisha kuishusha kabla ya hapo, na mhudumu aliijua bei yao, si ya benki. Mteja aliyeacha noti ileile ya mwaka 2012 alijiona mkarimu kama zamani, kumbe aliyeipokea alipata sehemu ndogo tu ya thamani yake. Mhudumu alipokunja uso, mteja alilaumu malezi yake. Sioni kwamba alimtendea haki.