Akalati wa Pwani: Ndege Mdogo wa Kivulini Arabuko-Sokoke

Wageni wanaofika Gede kutazama ndege huulizia sana bundi wa Sokoke. Ndani ya msitu huo huo yumo mwingine ambaye wengi wetu tumekua jirani naye bila kumjua. Ni akalati wa pwani, kwa jina la kisayansi *Sheppardia gunningi*.

Urefu wake ni takriban sentimita 12. Koo na kifua ni rangi ya chungwa, tumbo jeupe na mgongo wa kahawia. Wataalamu wanamweka katika ukoo wa Muscicapidae, ambao wengi wao hukamata nzi na wadudu wengine hewani. Akalati ana desturi yake: hutua kwenye vijiti vya chini, kisha hushuka kuokota wadudu kwenye majani makavu yaliyoanguka.

Mbali na Arabuko-Sokoke, hupatikana pia Shimba Hills, nyanda za chini za Usambara Mashariki nchini Tanzania, na sehemu za Malawi na Msumbiji. Popote alipo, anahitaji msitu wenye kivuli kizito na vichaka chini yake. Shirika la kimataifa la IUCN limemweka miongoni mwa viumbe wanaokaribia kuwa hatarini kutoweka.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ukipita barabara kuu ya Malindi utauona umesimama, ukadhani mambo ni shwari. Lakini ndani, muhuhu umekatwa kwa vinyago, na miti myembamba huondolewa kwa nguzo, fito na kuni. Kila mti unaotolewa huingiza jua. Majani ya chini hukauka, wadudu hupungua, na akalati hukosa riziki hata kama miti mikubwa ingalipo.

Ndugu msomaji, hatuwezi kumwambia mwenye njaa asikate mti bila kumwonyesha njia nyingine. Njia zipo. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha majirani wa msitu kufuga vipepeo wanaouzwa ng'ambo, na vipepeo hao hutegemea mimea ya msitu huo huo. Miradi ya namna hii ikiongezwa, jirani atapata kipato na akalati atabaki na kivuli chake. Msitu si miti mirefu peke yake. Ni pamoja na kile kilichomo chini yake.