Seti Fumbo

Katika mwongozo wa wakusanyaji wa sarafu uliotafsiriwa hivi karibuni, ambao kwa heshima ya waliouhariri sitautaja jina, nimekutana na "seti isiyofunguliwa" mara nyingi kiasi cha kunilazimu kuiweka chini kalamu nyekundu na kuishika hii. Msomaji anayefuatilia mambo ya sarafu anajua kinachosemwa: seti zilizofungashwa kiwandani, boksi au bahasha ikiwa bado imegandishwa kwa gundi, na muuzaji akiapa kwamba tangu zitoke Philadelphia hakuna mkono uliozigusa wala jicho lililozichungulia. Hilo halihitaji maelezo zaidi. Linalohitaji maelezo ni kwa nini tafsiri hiyo ni mbovu, na kwa nini ubovu wake unamnufaisha mlaghai.

Tuanze na sarufi, maana waheshimiwa hawa wana desturi ya kuiruka. Kirejeshi kanushi hakina wakati. "Mlango usiofunguliwa" ni upi? Ni ule ambao bado haujafunguliwa, ule ambao kwa kawaida haufunguliwi, au ule uliokatazwa kufunguliwa? Kiswahili hutuachia muktadha uamue, na katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha. Lakini hapa tuko katika biashara ambayo bei yote imeninginia kwenye jambo lililopita: je, katika miaka sitini au sabini kuna aliyeingiza mkono humu? Kulipa jambo hilo neno lisilo na wakati ni uzembe. Na hata tukisahihisha tuseme "ambayo haijafunguliwa", bado tumemwandikia muuzaji ushahidi wake. Nani alikuwapo? Istilahi njema hutaja kinachoonekana kwa macho, nacho ni kimoja tu: kitu kimefumbwa. Kilichotokea kabla ya hapo ni madai, na madai hayapaswi kupachikwa ndani ya jina la bidhaa.

Nitoe mfano, ili nisidaiwe kuchezea viambishi tu. Kati ya mwaka 1950 na 1955 Kiwanda cha Sarafu cha Marekani kiliuza seti za prufu, yaani sarafu zilizogongwa kwa ustadi maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, kwa dola 2.10: senti moja, senti tano, senti kumi, robo dola na nusu dola, jumla ya senti 91. Kila sarafu ilitiwa katika kimfuko chake cha selofeni, vimfuko vikashikizwa pamoja kwa pini ya stepla, vikaingizwa katika kiboksi cha kadibodi, na kiboksi kikafungwa kwa utepe wa gundi. Mwaka huo wa 1955 vikaanza vifungashio bapa vya plastiki laini vinavyokaa ndani ya bahasha, na ndivyo vilivyotumika mpaka 1964. Ulinzi wote ni huo, utepe na gundi ya bahasha. Utepe unauzwa dukani. Bahasha huachia kwa mvuke wa birika. Viboksi na bahasha tupu za miaka ile navyo vina soko lake, kwa hiyo mtu mwenye subira anaweza kuokota sarafu zilizosuguliwa huku na kule akaifunga seti ya mwaka 1952 leo asubuhi. Kisha mwongozo wetu unamruhusu aiite "isiyofunguliwa", na kwa namna fulani hasemi uongo, maana tangu asubuhi haijafunguliwa.

Huo ni ulaghai wa wazi, na si ndio unaowapata wengi. Ulioenea zaidi hauhitaji kughushi chochote. Mwaka 1964 zilitengenezwa seti 3,950,762, idadi ambayo haiwezi kuitwa adimu hata na dalali. Lakini katika seti za mwanzoni mwa mwaka huo kuna nusu dola ya Kennedy yenye michirizi ya nywele iliyokolea zaidi juu ya sikio, na wakusanyaji huilipia zaidi ya zile nyingine. Seti za 1960 nazo zina senti za aina mbili, zenye tarakimu kubwa na zenye tarakimu ndogo, na ndogo ndiyo inayotafutwa. Za 1979 kutoka San Francisco hutofautiana kwa herufi S: iliyovimba kama tone la wino, na iliyo safi, ambayo ndiyo ya bei. Sasa mfikirie mchuuzi mwenye shehena ya bahasha za 1964. Anazifungua zote. Zenye nywele zilizokolea anazitoa, na pia zile ambazo sura yake ina weupe wa barafu juu ya uwanja unaong'aa kama kioo, kwa sababu tangu kampuni za kupanga madaraja zianze kazi, PCGS mwaka 1986 na NGC mwaka uliofuata, sarafu moja ya namna hiyo ndani ya kasha lao huweza kuzidi bei ya seti nzima. Masalia yanarudi katika bahasha zao halisi, sarafu zao halisi, gundi ikalowanishwa kidogo. Kila kitu humo ni cha kweli isipokuwa matumaini ya mnunuzi.

Na matumaini ndiyo yanayouzwa. Katika seti za 1975 zimejulikana daimu mbili tu, yaani senti kumi, ambazo herufi S ilisahauliwa, na moja yake iliuzwa mnadani mwaka 2019 kwa dola 456,000. Tangu hapo boksi lolote la 1975 lenye utepe linasimuliwa kwa sauti ya chini. Uingereza wana jaribu lao: mwaka 1983 baadhi ya seti zilitoka na peni mbili zenye maandishi ya zamani ya "NEW PENCE" badala ya "TWO PENCE", basi seti za mwaka huo hununuliwa zikiwa zimefungwa, kwa bei ya ndoto.

Tena tuseme muuzaji ni mkweli na kiboksi kweli hakijaguswa tangu enzi za Eisenhower. Selofeni ile imezeeka humo ndani. Pini zimeshika kutu. Fedha imeingia ukungu, senti ya shaba imepata madoa, na hakuna wa kujua ni kwa kiasi gani mpaka afungue, na akishafungua nyongeza aliyolipia kwa ajili ya kufungwa imeyeyuka, na muuzaji hapokei seti iliyofunguliwa. Kinachothibitisha thamani ndicho kinachoiua. Hali hiyo ina jina katika Kiswahili tangu zamani, ila kamati iliyouhariri mwongozo haikulisikia.

Jina hilo ni fumbo. Mimi nasema seti fumbo, na nimekuwa nikilisema kwa muda mrefu kuliko baadhi ya wajumbe walivyokuwa wajumbe.

Kitenzi ni kufumba. Tunafumba macho, tunafumba mdomo, tunafumba mkono. Kutokana nacho tuna kufumbata, kushika ndani ya kiganja kilichokunjwa, kwa kiambishi kilekile cha kugusana kinachosikika katika kamata na ambata. Wazulu wanasema fumbatha na Wachewa fumbata, kwa maana hiyohiyo ya kukunja kiganja juu ya kitu, jambo linalowaumbua wale wanaotaka kila neno letu zuri lionyeshe pasipoti ya Uarabuni. Tuna fumba, ule mfuko wa mkeka ambao wazee walijitia ndani yake kulala. Tuna kufumbua, kwa ile -ua inayotendua, ndugu wa tegua na zibua. Tuna ufumbuzi. Na tuna fumbo lenyewe, kauli iliyokunja maana yake kiganjani, ambayo Muyaka bin Haji aliitumia kule Mombasa kuwachoma wapinzani wake, na ambayo mpaka leo imeandikwa kwenye kanga ili jirani asome na aumie bila kuwa na la kushtaki. Hakuna mzizi mwingine katika lugha hii unaobeba kwa pamoja kufungwa kwa kitu na kutojulikana kwa kilichomo. Ni nini kingine mtu anachonunua anaponunua kiboksi cha 1953?

Nililipendekeza. Jibu nililopewa lilikuwa la mstari mmoja: fumbo tayari ni istilahi ya fasihi, litawachanganya watumiaji. Nashukuru kwa ufupi. Waliojibu hivyo wamevaa mashati yenye vifungo na hakuna aliyedhani wamehukumiwa kifungo. Paa wa porini hajawahi kuchanganywa na paa la nyumba. Halafu kuchanganyika huko wanakokuogopa ndiko ninakokutaka: mnunuzi akisikia "fumbo" asite, ajiulize anafumbiwa na nani. "Isiyofunguliwa" inambembeleza. Wahenga waliosema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, walikwisha kuliweka onyo ndani ya neno, bure, bila posho ya kikao.

Mapendekezo mengine yaliyoshindana na langu nayataja kwa haraka kwa kuwa hayastahili zaidi. Mmoja alileta "seti lakiri". Lakiri ni nta ya kupigia muhuri barua, na kwenye viboksi vya Marekani hakuna nta, kuna utepe wa karatasi. Mwingine, mwenye safu yake na wafuasi wake, alileta "seti bikira", na sitalijadili neno hilo mbele ya watu wazima. Vijana wa mtandaoni wanasema "seti ya sili". Sili kwa Kiswahili ni mnyama wa baharini, au ni mtu anayekataa chakula.

Kuhusu matumizi, machache yanatosha. Seti fumbo imeundwa kama askari kanzu, jina likifuatwa na jina, kwa hiyo haihitaji "ya" katikati, na wingi wake haubadiliki: seti fumbo moja, seti fumbo kumi. Kuifungua ni kuifumbua. Iliyofunguliwa ikafungwa tena ni seti iliyofumbwa upya, na dalali anayetumia neno hilo kwa hiari yake anastahili wateja. Katoni nzima yenye seti kadhaa ni katoni fumbo. Ile misokoto ya sarafu katika karatasi za benki, inayouzwa kwamba "haijachambuliwa" huku sarafu moja ya zamani ikichungulia mwishoni, ni misokoto fumbo, na mwenye macho aitazame kwanza hiyo sarafu inayochungulia, maana aliyeiweka pale alikuwa na sababu. Seti za prufu za Tanzania za mwaka 1966, zile za samaki, mbuni, sungura na mwenge, zilizogongwa Uingereza na zenye picha ya Mwalimu Nyerere na maneno RAIS WA KWANZA, zikija sokoni na kiapo hichohicho zipewe jina hilohilo. Kwa bei, mnunuzi asilipie zaidi ya thamani ya kile ambacho angekubali kukikuta ndani katika hali yake mbaya kabisa. Kwa seti za kabla ya 1965 hesabu hiyo ni rahisi, kwa kuwa daimu, robo na nusu dola zake ni fedha kwa asilimia 90.

Naambiwa toleo la pili la mwongozo linaandaliwa na kwamba maoni yanapokelewa. Yangu yako hapa. Wakishalimaliza hili wageukie "prufu", ambayo nimeitumia makala nzima kwa kuwa katika vikao vyote hivyo hakuna aliyeleta lililo bora, na nina moja ninaloliweka mpaka watakaponiuliza kwa adabu.