Bisibisi, Oveni na Msumeno: Historia ya Kufungua Taa za Nyuma za Gari

Kwa miongo mingi ya mwanzo wa historia ya magari, hakuna aliyehitaji joto ili kufungua taa ya nyuma. Bisibisi ilitosha. Ford Model A, iliyoundwa Marekani kuanzia mwishoni mwa 1927 hadi 1931, ilibeba nyuma taa ndogo ya kopo la chuma lenye balbu ndani na kioo chekundu mbele yake. Kioo kikivunjika, kilitolewa kikawekwa kingine, na kazi ikaishia hapo. Wekundu huo ulirithiwa kutoka kwenye reli, ambako tayari ulikuwa ishara ya hatari na amri ya kusimama. Haukupakwa juu ya kioo; ulitokana na madini kama seleniamu yaliyochanganywa na kioo kikiwa bado uji wa moto, ndiyo maana lenzi za zama zile hazikupauka kwa jua.

Plastiki iliingia kupitia viwanda vya silaha. Mwaka wa 1933 kampuni ya Otto Röhm ya Darmstadt, Ujerumani, iliandikisha jina la Plexiglas kwa plastiki angavu ya akriliki, na nchini Uingereza kampuni ya ICI ikaleta ya kwake kwa jina la Perspex. Vita Kuu ya Pili vilipozuka, akriliki ilienda kwenye madirisha ya ndege za kivita, kwa sababu ni nyepesi na haipasuki ovyo kama kioo. Vita vilipokwisha, viwanda vilibaki na uwezo mkubwa wa kuizalisha huku mteja wao mkuu akiwa ametoweka. Watengenezaji wa magari waliipokea kwa mikono miwili. Akriliki ilikubali rangi yoyote, ilimiminwa katika umbo lolote, na upande wake wa ndani uliweza kuchorwa mistari na vipande vidogo vya kutawanya mwanga. Bila plastiki hiyo, taa zilizochongoka kama risasi za Cadillac ya 1959 zingekuwa ghali mno kutengenezwa kwa maelfu.

Hata hivyo, lenzi ziliendelea kushikwa kwa skrubu. Vijana wa Marekani waliopenda kupamba magari walilitumia hilo vilivyo: katika miaka ya 1950 walitoboa tundu katikati ya lenzi nyekundu na kupachika kipande kidogo cha kioo cha buluu, taa ikatoa mwanga wa kizambarau. Kazi hiyo ilimalizika mezani bila kuchemsha chochote. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Volkswagen Beetle na Land Rover zilizojaa barabara za Afrika Mashariki baada ya uhuru. Fundi alilegeza skrubu, akatoa lenzi, akasugua kutu kwenye kishikio cha balbu kwa msasa na kurudisha kila kitu mahali pake.

Udhaifu wa skrubu ulikuwa maji. Kati ya lenzi na kasha la taa palikaa mpira mwembamba, na mpira huo ulipozeeka ulikakamaa na kupitisha mvua na vumbi. Tena taa zilikuwa zinakua, zikizunguka kona ya gari na kufuata mkunjo wa bati, na umbo la namna hiyo ni vigumu kulibana kwa skrubu mbili au tatu bila kuacha mwanya. Kwa upande wa kiwanda, kumwaga gundi kwa mashine kulikuwa rahisi kuliko kukaza skrubu moja moja. Hivyo, hatua kwa hatua, lenzi zikaanza kubandikwa.

Gundi iliyopata umaarufu katika kazi hii ni ya butili. Mpira wa butili uligunduliwa mwaka wa 1937 na wanakemia wawili wa kampuni ya Standard Oil ya New Jersey, William Sparks na Robert Thomas, na ulijulikana kwanza kwa tyubu za magurudumu kwa sababu haupitishi hewa kirahisi. Mpira wa tyubu huchomwa pamoja na salfa ili usilainike tena. Butili ya taa haifanyiwi hivyo. Hubaki laini na yenye kunata kwa miaka mingi, na ikipashwa moto hulegea. Kiwandani, ukingo wa kasha la taa huchongwa mfereji, utepe wa butili hulazwa humo, kisha mdomo wa lenzi hukandamizwa juu yake. Maji hayapiti, na kiungo hustahimili mtikisiko wa barabara mbovu bila kupasuka.

Taa za mbele nazo zilisaidia kueneza mbinu ya kufungua taa kwa joto. Kuanzia magari ya 1940, Marekani ilitumia taa za mbele za kioo zilizofungwa kabisa, ambazo zikiungua hutupwa nzima. Mwaka wa 1983 sheria ya nchi hiyo iliruhusu taa zenye balbu ya kubadilishwa, na Lincoln Mark VII ya 1984 ikawa gari la kwanza la Marekani kuzitumia baada ya ruhusa hiyo. Lenzi zake zilikuwa za polikaboneti, plastiki ngumu iliyobuniwa mwaka wa 1953 na Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer. Kwa hiyo, kufikia miaka ya 1990, magari mengi yalikuwa na taa za plastiki mbele na nyuma zilizobandikwa kwa gundi inayolegezwa na joto. Mafundi wa nyumbani waligundua kwamba oveni ya jikoni inaweza kuzifungua.

Ugumu wote wa kazi hii umo katika nyuzijoto chache. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 105 za sentigredi, na kasha la nyuma, ambalo mara nyingi ni la plastiki aina ya ABS, huanza kupinda katika kiwango kinachokaribiana na hicho. Butili huhitaji kupashwa hadi karibu nyuzi 90 ndipo ilegee vya kutosha. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na oveni ambayo kipimo chake kinadanganya huimaliza. Ndiyo maana mbinu hii isingeweza kutangulia jiko lenye kidhibiti joto, kifaa kilichoingia majumbani Uingereza mwaka wa 1923 kupitia jiko la gesi lenye kidhibiti cha Regulo. Blowa ya hewa moto hutumiwa pia, lakini hupasha sehemu moja na kuacha nyingine baridi, na ikikaa mahali pamoja hutengeneza malengelenge juu ya lenzi.

Taa huvuliwa kwanza balbu, vishikio, mipira, skrubu na vibanio vyote, kwa kuwa kibanio kimoja kilichosahauliwa hupasua lenzi. Oveni hupashwa hadi nyuzi 90 au 95 kabla taa haijaingia, nayo taa hulazwa juu ya ubao au taulo ili isiguse chuma. Baada ya dakika nane hadi kumi hutolewa kwa glavu, na ncha pana ya bisibisi huingizwa kwenye kona moja ya mfereji. Gundi huvutika nyuzi nyeusi ndefu, inanata kama ulimbo, na lenzi huachia taratibu ikifuatwa ukingo wake wote. Ikigoma, hurudishwa ndani; anayetumia nguvu hapo huvunja. Ndani kuna kiakisi chenye utando mwembamba sana wa alumini, na utando huo hufutika kwa kidole. Akriliki nayo haipatani na spiriti: ikisuguliwa kwayo ikiwa bado na mkazo, huchanika mistari midogo midogo isiyotibika. Kufunga ni kurudia yote kinyumenyume, kwa butili mpya, joto lilelile na vibanio vya kushikilia hadi ipoe. Oveni iliyotumika hivyo isipikiwe tena chakula.

Kilichowasukuma watu wengi mwanzoni kilikuwa mapambo. Toyota Altezza, iliyotoka Japani mwaka wa 1998, ilikuwa na taa nyekundu za duara chini ya kifuniko angavu, na mtindo wake ukaigwa duniani kote. Wasioweza kununua taa za kuiga walifungua za kwao na kupaka kasha rangi nyeusi. Altezza zenyewe zilifika Afrika Mashariki pamoja na wimbi la magari yaliyotumika kutoka Japani, na hapa sababu nzito zaidi ya kufungua taa ni ukarabati: kutoa ukungu na maji, au kuhamisha lenzi nzima kutoka kwenye taa iliyovunjika nyuma. Taa za LED, ambazo Cadillac DeVille ya 2000 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuzibeba nyuma, ziliongeza haja hiyo, kwa kuwa nyingi hazina balbu ya kubadilishwa. Katika yote haya, rangi ya nyuma si ya kuchezewa. Taa nyekundu na kiakisi chekundu ndivyo vinavyomwonyesha dereva wa lori, usiku, kwamba mbele yake kuna gari.

Zama za oveni zenyewe zinapita. Watengenezaji wengi sasa huunganisha lenzi na kasha kwa kuziyeyusha pamoja, kwa bamba la moto, mtikisiko au miale ya leza, na wengine hutumia gundi isiyolainika kamwe. Anayetaka kujua taa yake ni ya kundi gani atazame ukingo: mfereji wenye utepe mweusi unaobonyea kwa ncha ya kisu ni butili, na plastiki iliyoungana bila mwanya ni ya kuyeyushwa. Hiyo ya pili haifunguki kwa joto. Hukatwa kwa msumeno mdogo na kubandikwa upya, au hununuliwa taa nyingine nzima.