Nafuu ya kodi kwa watoto (Marekani)

Nafuu ya kodi kwa watoto nchini Marekani ni kiasi cha fedha ambacho serikali ya shirikisho humpunguzia mzazi au mlezi katika kodi ya mapato kwa kila mtoto anayemtunza. Kiasi hicho hutegemea kipato cha familia: hupanda kadiri mapato ya kazi yanavyoongezeka, hubaki palepale kwa familia za kipato cha kati, kisha hupungua kwa matajiri. Kwa hiyo familia maskini kabisa hupata kidogo au hazipati kitu, na jambo hilo limezua mjadala kwa miaka mingi.

Nafuu hukatwa kwenye kodi yenyewe, si kwenye mapato yanayotozwa kodi. Anayedaiwa kodi ya dola 3,000 na kupewa nafuu ya dola 2,200 hulipa dola 800 tu.

Historia

Nafuu hii ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, wakati wa rais Bill Clinton. Mwaka 1998 ilikuwa dola 400 kwa kila mtoto, na mwaka uliofuata dola 500. Sheria ya mwaka 2001 ilianza kuipandisha kuelekea dola 1,000 na kuruhusu familia nyingi zaidi kulipwa sehemu iliyozidi kodi wanayodaiwa. Kuanzia mwaka 2018 ilifika dola 2,000. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliifanya kuwa dola 2,200 kuanzia mwaka huo.

Masharti

Mtoto anatakiwa awe hajatimiza miaka 17 mwishoni mwa mwaka wa kodi, awe ameishi na mwombaji zaidi ya nusu ya mwaka, na awe na namba ya Hifadhi ya Jamii. Tangu mwaka 2025 mwombaji naye, au angalau mmoja wa wanandoa wanaoomba pamoja, lazima awe na namba hiyo. Mbali na mtoto wa kuzaa au wa kuasili, mjukuu, mdogo wa mwombaji au mpwa anaweza pia kuhesabiwa.

Familia ambayo haidaiwi kodi inapaswa kupeleka fomu ya mapato ya mwaka ili ilipwe. Isipofanya hivyo haipati chochote.

Jinsi inavyohesabiwa

Nafuu kwanza hufuta kodi inayodaiwa. Ikibaki, familia inaweza kulipwa fedha taslimu, lakini si zaidi ya dola 1,700 kwa kila mtoto (mwaka 2025), wala si zaidi ya asilimia 15 ya mapato ya kazi yanayozidi dola 2,500.

Kwa mfano, mama mwenye watoto wawili anayepata dola 12,500 kwa mwaka hadaiwi kodi ya mapato. Asilimia 15 ya dola 10,000 ni dola 1,500, na hizo ndizo analipwa kwa watoto wote wawili. Wanandoa wenye watoto wawili wanaopata dola 300,000 hupewa nafuu yote, yaani dola 4,400. Asiye na mapato ya kazi halipwi kitu.

Kupungua huanza mapato yakizidi dola 400,000 kwa wanandoa wanaowasilisha fomu pamoja, au dola 200,000 kwa wengine. Kila dola 1,000 za ziada huondoa dola 50.

Mpango wa mwaka 2021

Wakati wa janga la UVIKO-19 nafuu iliongezwa kwa mwaka mmoja hadi dola 3,600 kwa mtoto chini ya miaka 6 na dola 3,000 kwa wenye miaka 6 hadi 17. Sharti la mapato ya kazi liliondolewa, na nusu ya fedha ililipwa kila mwezi kuanzia Julai hadi Desemba.

Kwa kipimo cha nyongeza cha umaskini cha Ofisi ya Sensa, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2 mwaka 2021. Baada ya mpango huo na misaada mingine ya janga kwisha, ulipanda hadi asilimia 12.4 mwaka 2022.

Wanaounga mkono mpango huo husema mtoto hapaswi kukosa msaada kwa sababu mzazi hana kazi. Wapinzani husema sharti la mapato huwahimiza wazazi kufanya kazi, na kwamba gharama kwa serikali ni kubwa.

Nchi nyingine

Kanada hulipa posho ya watoto kila mwezi tangu Julai 2016. Huko familia zenye kipato cha chini kabisa ndizo hupata kiasi kikubwa zaidi, nacho hupungua kipato kinapopanda.