Bakora na Elimu: Nasaha ya Ibn Khaldun kwa Walimu wa Vyuo

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, napenda kuwakumbusha ndugu zangu jambo linalotupotezea watoto wengi vyuoni, nalo ni namna tunavyowasomesha.

Wengi hudhani kuwa ukali ni urithi tulioachiwa na wanavyuoni wa kale. Historia haishuhudii hivyo.

Abdur-Rahman Ibn Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332. Baadaye alisomesha katika Al-Azhar, akawa kadhi wa madhehebu ya Maliki huko Misri, na huko ndiko alikofariki mwaka 1406. Mwaka 1377, alipokuwa amejitenga katika ngome moja ya nchi ambayo leo ni Algeria, aliandika Muqaddima, na humo akawafungulia walimu milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni upole. Alieleza kuwa mtoto anayelelewa kwa mapigo hudhikika nafsi, uchangamfu humtoka, uvivu humwingia. Tena hujifunza uwongo na hila ili auepuke mkono wa mwalimu, hata hila ikawa ndiyo tabia yake. Alimtaja pia mwanachuoni Ibn Abi Zayd wa Qayrawan, aliyeagiza kuwa mwalimu akilazimika kumpiga mtoto, asizidishe mapigo matatu.

Mlango wa pili ni taratibu. Elimu isomeshwe mara tatu: kwanza misingi yake kwa ufupi, kadiri ya akili ya mwanafunzi, kisha irudiwe kwa sherehe na khitilafu zake, mwisho isiachwe fundo lolote lisilofunguliwa. Wala asichanganyiwe elimu mbili kwa wakati mmoja.

Mlango wa tatu ni mazungumzo. Katika zama zake wanafunzi wa Maghribi walikaa madrasani miaka 16, na wa Tunis miaka 5. Sababu aliyoiona ni kuwa wale wa Maghribi walisomeshwa vibaya: walihifadhi mno, wakanyamaza barazani. Kwake yeye, kuijadili elimu ndiko kunakoufungua ulimi.

Na kabla yake Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha kumtaka mwalimu awahurumie wanafunzi kama wanawe, na kosa alionye kwa ishara kabla ya kulitamka waziwazi.

Ndugu zangu, nasema haya hali nami nina deni. Nilisomeshwa kwa bakora, na nilipokuwa mwalimu niliirithi pamoja na juzuu. Mtoto mmoja, hodari wa kuhifadhi, alikuwa akichelewa, nami nikamchapa mbele ya wenziwe. Hakurudi tena. Baadaye nikapata habari kuwa kila asubuhi alimchukulia mamaye mzigo hadi sokoni kabla ya kuja chuoni. Sikuwa nimemwuliza. Neno moja la kuuliza lingalimbakiza.

Wazee husema, samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli; lakini kumkunja si kumvunja. Mtoto huipenda elimu akiifahamu, na huifahamu akiwa na ruhusa ya kuuliza. Basi kila mwalimu wetu ajipime: je, katika darasa lake, mtoto asiyefahamu huthubutu kunyosha mkono?

Mwenyezi Mungu atusamehe yaliyopita na atutengenezee yajayo. Wabillahi tawfiiq.